Ni tishu ipi hasa inayomeng'enya chakula tumboni?

Mwalimu wa Wete
Assalaam alaykum. Nasomesha bayolojia kidato cha pili, na wanafunzi wangu huzitaja kwa ufasaha tishu nne za mwili: epithelia, unganishi, misuli na neva. Nikiwauliza kila moja hufanya nini tumboni, hujibu kwamba misuli ndiyo inayosaga na nyengine "zinasaidia". Juzi mmoja akanibana kwa suali: ikiwa tumbo linaweza kumeng'enya mnofu wa pweza, ambao nao ni misuli, kwa nini halijili lenyewe?

Mtu wa Maabara, Mjini
Wa alaykum salaam, mwalimu. Anzia kwenye suali hilo hilo, kwani jibu lake limo katika epithelia, yaani tabaka la seli linalotanda uso wa ndani wa tumbo. Ukitazama kwa hadubini kipande cha ukuta wa tumbo kilichotiwa rangi, utaona vishimo vidogo vinavyoshuka hadi kuwa tezi, na ndani ya tezi zimo seli za mviringo za rangi ya waridi zinazotoa asidi ya haidrokloriki, na chini zaidi zipo za zambarau zinazotoa pepsinojeni. Pepsinojeni haina makali mpaka ikutane na asidi katika uwazi wa tumbo, ndipo igeuke pepsini na kuanza kukata protini, kwa hivyo seli iliyoitengeneza husalimika. Juu kabisa zipo seli za ute, na chini ya ute huo kuna baikaboneti inayoivunja nguvu asidi kabla haijazifikia. Pamoja na kinga hiyo seli za juu huchakaa, na tabaka hilo hufanywa upya kila baada ya siku chache. Pweza masikini hana lolote katika hayo.

Muuguzi wa Chake
Ahsanta, ila misuli nayo isidharauliwe. Ina matabaka matatu, la ndani likipita mshazari, la kati likizunguka na la nje likienda kwa urefu. Mawimbi yapatayo matatu kwa dakika hukisukuma chakula kwenye mlango wa chini, ambao hufunguka kidogo tu, hivyo kingi hurudi nyuma kikachanganywa tena.

Kuhusu neva, kabla ya Barry Marshall na Robin Warren kuonesha katika miaka ya 1980 kwamba bakteria ni chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo, wagonjwa wengi walikuwa wakikatwa neva ya vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo na kuliamrisha tumbo, ili asidi ipungue. Asidi ilipungua kweli, lakini chakula nacho kilikawia kutoka, ikabidi mlango wa chini upanuliwe kwa upasuaji.

Mwalimu wa Wete
Nimefaidika sana. Na tishu unganishi? Kitabu chetu kinasema "hushikilia" basi.

Mtu wa Maabara, Mjini
Kitabu kimeidhulumu. Ndiyo inayopitisha mishipa ya damu hadi chini ya epithelia, na damu yenyewe huhesabiwa kuwa tishu unganishi: homoni ya gastrini hutolewa sehemu ya chini ya tumbo, huzunguka mwilini ndani ya damu, kisha hurudi kuziamsha seli za asidi. Ukipenda kuwaonesha, nunua tumbo la mbuzi kwa muuza nyama, lakini chagua chumba cha nne, maana vitatu vya mwanzo havitoi asidi. Lipasue, ulioshe, kisha uivute ngozi ya ndani kwa vidole. Itateleza juu ya misuli bila ya kung'oka, na kinachoiwacha iteleze na papo hapo kuizuia isitoke ndiyo hiyo tishu unganishi.