Tupeane uzoefu: Ulipoweka matairi makubwa, gari lako lilibadilika vipi?

Mwenye uzi, Nakuru

Wadau, Jumamosi nimepanda kutoka Nakuru hadi Mau Summit nikahisi kama ninaendesha gari la mtu mwingine. Nina Prado ya zamani, dizeli, gia za mkono. Ilikuja na matairi ya 265/70R16 (upana milimita 265, ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu inchi 16), na mwezi uliopita nikaweka 285/75R16. Kwa macho limependeza sana, sikatai. Lakini nilipopita Salgaa, gia ya tano ikaanza kulemewa mahali ambapo siku zote huwa inavuta bila shida. Nikarudi ya nne. Kabla sijafika juu nilikuwa nimeshika ya tatu nyuma ya trela, na mshale wa joto umesogea kidogo juu ya pale ulipozoea kukaa.

Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu. Tairi la zamani lina kipenyo cha milimita 777, hili jipya 834, yaani limezidi kwa asilimia 7.3. Gurudumu likizunguka mara moja linakula barabara ndefu zaidi, na injini ndiyo inayolipa. Difu yangu ni 4.1, yaani shafti huzunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja; kwa matairi haya inavuta kama difu ya 3.8. Halafu kumbukeni huku kwetu tuko juu: Nakuru ni kama mita 1,850, Mau Summit ni zaidi ya 2,400. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mimi nina turbo na bado nimeisikia.

Jambo la mafuta lilinitia wasiwasi zaidi. Zamani nilikuwa napata kilomita 9.5 kwa lita. Juzi nimemaliza lita 60 na mita inaonyesha kilomita 504, ambayo ni 8.4. Nikashtuka, nikadhani pampu ina kasoro. Kumbe mita yenyewe inahesabu pungufu kwa sababu ya matairi! Ukiongeza ile asilimia 7.3, nilikwenda kilomita 541, na hiyo ni 9.0 kwa lita. Kupungua kumepungua, lakini si kwa kiasi nilichoogopa. Na ni hivyo hivyo kwa mwendo: mshale ukisema 80, simu inasema 86. Pale penye kibao cha 50 unajiona uko sawa na tayari uko karibu 54.

Nimepata nini? Difu imeinuka kutoka ardhini milimita 28. Nusu tu ya tofauti ya vipenyo, kwa sababu nusu nyingine inakwenda juu kwenye madigadi.

Nyinyi mlipata nini, mlipoteza nini? Semeni gari, saizi, na njia mnazopita, maana tairi la Molo si lazima lifae Busia.

Mkulima wa mpunga, Ahero

Kaka, mimi nilijifunza kwa kulala shambani.

Nina pikapu ya milango minne, ilikuwa na 265/70R16. Nilishauriwa nipanue, nikaweka 305/70R16. Kwa urefu ni karibu sawa na hayo yako, ila mapana. Kwenye lami ya kwenda Kisumu watu waligeuka kuangalia. Mvua za Aprili zikaja.

Udongo mweusi wa Kano ukilowa unashika kila kitu: kiatu, jembe, mguu wa ng'ombe. Nilikuwa natoa magunia manane ya mpunga, njia ya kando ya mfereji. Sikufika hata mita mia. Matairi yalijaza udongo kwenye meno yote, yakawa laini kama chungu ambacho hakijachomwa. Nikishuka kuangalia, sioni tena meno, naona duara jeusi linalong'aa. Kila nikikanyaga mafuta, mkia unateleza kuelekea kwenye maji. Udongo ulikuwa umejaa hadi ndani ya madigadi, tairi linasuguana nao na kutoa harufu ya mpira unaoungua.

Jioni jirani yangu, mzee mmoja mwenye Land Rover ya zamani, akapita kwenye njia ile ile. Ana 7.50-16, matairi membamba ya meno makubwa yaliyoachana. Alipita polepole, gia ya pili, usukani umetulia. Tairi lake lilikata ule uji wa juu likafika kwenye udongo mgumu wa chini, likashika. Langu pana lilibaki linaelea juu ya uji. Nililala kwenye gari kulinda magunia.

Asubuhi mzee akarudi. Hakuleta kamba kwanza. Aliniuliza, "Mwanangu, matairi yako yana upepo kiasi gani?" Nikamwambia PSI 35. Akaniinamia kwenye valvu na kijiti, tukashusha yote manne hadi 20, tukachokoa udongo kwenye meno kwa panga. Gari likatoka lenyewe, na magunia yakiwa juu. Tairi lililopunguzwa upepo hulala chini kwa urefu, linashika eneo kubwa zaidi. Ningefanya hivyo na yale ya kwanza nisingetoa hata senti.

Tahadhari yangu: nenda pole ukiwa na upepo mdogo, na usiingie lami kabla hujajaza. Mimi sasa nina pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Mahali ambapo tope halina mwisho, tairi pana lina kazi yake, nakubali. Lakini hapa kwetu chini huwa pagumu.

Daktari wa mifugo, Endebess

Habari zenu. Mimi natumia Jimny ya 1.3 kwenye mashamba ya chini ya Mlima Elgon. Ilikuwa na 205/70R15. Niliiinua inchi mbili nikaweka 235/75R15, kipenyo kikaongezeka kwa karibu asilimia 10. Kwa injini ndogo kama hii ni mzigo mzito. Kuondoka kwenye mteremko wa kupanda ilibidi nichezee klachi, na klachi yenyewe haikumaliza mwaka.

Lililoniogopesha ni kushuka, na sioni watu wakilizungumzia. Nilikuwa naweka 4L (magurudumu yote manne, gia nzito za mwendo mdogo), gia ya kwanza, naachia injini ishike gari. Baada ya matairi makubwa, gia ile ile ikawa inaniteremsha haraka zaidi, naongeza breki, na kwenye udongo mwekundu uliolowa breki ndiyo inayokutupa mtaroni. Nina dawa na sindano nyuma, na mara nyingine msaidizi. Nikarudi 215/75R15. Imezidi ya kiwandani kwa asilimia 5 tu, na gari limekuwa jepesi tena.

Fundi, Kisumu

Naona wengi mnazungumza nguvu, acheni niseme vyuma. Tairi kubwa likiletwa hapa, baada ya muda gari hurudi kwa beringi, boljointi na shoku. Uzito umeongezeka mahali ambapo springi haiubebi. Breki nazo: tairi refu ni kama mkono mrefu unaopinga breki ile ile, kwa hivyo jaribuni kusimama mahali salama kabla hamjaingia barabarani.

Kabla ya kununua, njoo tukunje usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, gari likiwa limeinuliwa gurudumu moja la mbele juu ya jiwe au jeki. Hapo ndipo utaona kama tairi litagusa. Gari likiwa limesimama kwenye sakafu tambarare kila tairi linaenea.

Na wanaonunua ya mtumba, someni zile tarakimu nne za mwisho ubavuni. 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Meno yanaweza kuwa mapya na mpira umeshakauka.

Mwenye uzi, ukitaka kubaki na hayo yako, dawa ya kweli ni kubadilisha krauni na pinioni (zile gia mbili za ndani ya difu), difu zote mbili, mbele na nyuma kwa namba moja. Ukibadilisha moja tu, ukiingiza 4x4 utavunja.

Mdau wa Kakamega

Nyongeza fupi: spea nayo iwe saizi hiyo hiyo. Mimi nilibaki na ndogo, nikapata pancha Kapsabet. Gari langu huvuta kwa magurudumu yote muda wote, na difu ya katikati ilikuwa imechemka nilipofika Chavakali.

Mwenye uzi, Nakuru

Asanteni sana, hasa mzee wa Ahero asiye humu. Kesho yake baada ya kusoma kisa chake nilishusha upepo hadi 22 kwenye njia ya Menengai kwa matairi ya ndugu yangu ya 265/70R16, na pale ninapohangaika kila mwaka gari lilipanda bila kuzungusha hata gurudumu moja.

Nimeamua kuyauza ya 285 na kuchukua 235/85R16, membamba, milimita 806, yaani asilimia 3.7 tu. Fundi, nitakuja kupima kwenye jeki kama ulivyosema. Spea nachukua ya tano. Nikishaweka napanda tena Mau Summit na mzigo ule ule, nitaleta namba za gia na mafuta hapa. Kama kuna mtu wa Timboroa au Londiani mwenye saizi hiyo kwenye dizeli, aniambie anapanda na gia gani.