Naomba ushauri: wakili mchanga, nianzie kazi Dar es Salaam au Mwanza?

Ndugu wanasheria, naomba ushauri wenu. Nimeapishwa kuwa wakili mwaka huu, baada ya kumaliza Shule ya Sheria kwa Vitendo, na nina nafasi mbili ambazo napaswa kuzijibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Ya kwanza ni ya kampuni kubwa ya mawakili Dar es Salaam, yenye kazi za mabenki na kodi. Mshahara ni mzuri, ila wakili aliyenitangulia pale kwa miaka mitatu aliniambia hajawahi kusimama peke yake mbele ya hakimu. Mezani kwake nilikuta rundo la mikataba iliyosahihishwa kwa wino mwekundu, na ndiyo kazi yake ya kutwa.

Ya pili ni ya ofisi ya mawakili wawili Mwanza, yenye mashauri ya ardhi, mirathi na migogoro ya kazi. Malipo ni karibu nusu, lakini nitakabidhiwa majalada yangu tangu mwanzo. Mahakama Kuu ipo, pamoja na masjala ya Divisheni ya Biashara, na tangu sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama mwaka 2021, mteja anaweza kulifuatilia shauri lake kwa masikio yake mwenyewe, jambo ambalo kwangu lina uzito mkubwa.

Mama yangu yuko Tanga na ananitegemea, hivyo nauli na kodi ya nyumba si mambo madogo. Je, wakili aliyeanzia Mwanza hupokelewa baadaye na kampuni za Dar es Salaam, au huonekana amechelewa? Waliopitia njia hii, tafadhali nielezeni mlivyoamua.