Tabora hadi Ujiji kwa miguu: jiko gani jepesi, gesi, spiriti au kuni?

MpitanjiaTbr

Mwangaluka wakuu. Mimi na mdogo wangu tumepanga kutembea kutoka Tabora mjini mpaka Ujiji, mvua zikishakatika. Tutapita Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka na Uvinza, yaani muda mwingi hatutakuwa mbali na reli. Kwa reli yenyewe ni zaidi ya kilomita 400. Mizigo tunabeba mgongoni, hakuna pikipiki ya kutufuata.

Viatu na hema tumeshamaliza, tumekwama kwenye jiko. Nimeangalia manne: jiko dogo la gesi linalofungwa juu ya kikopo, jiko la spiriti, jiko la kuni la kopo, au tusibebe jiko kabisa tule kwa mama ntilie na vyakula vikavu. Aliyewahi kutembea na hivi vitu aniambie uzito, nishati inavyopatikana njiani, na kama kweli vinapika.

Kipalapala_K

Kwa uzito wa jiko lenyewe gesi ni ngumu kushindwa. Jiko la PocketRocket 2 la kampuni ya MSR lina gramu 73, linaenea kwenye kiganja kimoja, na nusu lita ya maji inachemka kwa dakika tatu nne hivi. Moto unaupunguza na kuuongeza utakavyo, masizi hakuna.

Shida ni kikopo. Kile cha kufunga kwa skrubu, chenye mchanganyiko wa butani na propani, ni bidhaa ya maduka ya watalii. Mimi nisingeweka safari yangu juu ya matumaini ya kukikuta Kaliua. Kuagiza mtu aje nacho kwa ndege haiwezekani, gesi hairuhusiwi kwenye mizigo, iwe ya mkononi au ya chini. Halafu kikopo cha gramu 230 za gesi kikiwa kimejaa kinakaribia gramu 380, na kikiisha unatembea na bati tupu mpaka ufike mahali pa kulitupa. Mtungi wa kilo 6 unaouzwa kila mtaa usiufikirie, ukijumlisha na chuma chake unazidi kilo 10.

Spiriti kwa uzito ule ule ina nguvu kama asilimia 60 tu ya gesi, hilo likubali mapema. Lakini jiko lake lililotengenezwa kwa makopo mawili ya soda halifiki gramu 20, na ukitaka la kudumu, kichomeo cha shaba cha Trangia ni gramu 110 hivi. Lita moja ya maji inakula mililita 30 hadi 40, ukiwa na kizuia upepo. Bila kizuia upepo usihesabu, utamaliza chupa maji yakiwa vuguvugu.

Spiriti utaipata Tabora kwa wauza vifaa vya useremala. Muulize fundi yeyote anayepiga polishi fanicha za mninga ananunua wapi yake.

DadaMwanga_Kigoma

Kaka, habari za huko. Mbona wote mmeanza na jiko? Mtakula nini?

Nauliza kwa sababu majiko haya ya kukunja yalitengenezwa kwa watu wanaochemsha maji na kumimina kwenye pakiti ya chakula kikavu. Kwao kupika ni kuchemsha. Sasa chukua hilo la gesi lenye vidole vitatu vyembamba, weka sufuria, songa ugali wa watu wawili. Mwanzoni uji unachezacheza vizuri. Ukiongeza unga ukaanza kushika, mwiko unakaza, sufuria inazunguka pamoja nao, na chini yake kikopo kimesimama kwenye mchanga. Mkono mmoja una mwiko, wa pili umeshika koleo, na wa kuzuia jiko lisilale haupo. Hapo ama unamwaga chakula, ama unasonga kwa woga na kula unga mbichi.

La spiriti ni hivyo hivyo, na baya zaidi kwa sababu likipinduka moto unatiririka. Mchana mwali wa spiriti hauonekani vizuri. Mtu anadhani limezima, anaongeza kutoka kwenye chupa. Tafadhali sana, mwambie mdogo wako asiongeze kamwe mpaka aliguse likiwa limepoa.

Kwa hiyo kama chakula chenu ni ugali kila jioni, jiko lenu ni mafiga matatu na mwiko mfupi wa mti mgumu. Mafiga hayabebwi, yapo njia nzima. Kama ni chai, uji na vitu vya kuchemsha, spiriti inatosha kabisa. Ukishajibu hilo, nusu ya maswali yako yamekwisha.

FundiBati_Ngambo

Dada kasema kweli, ila mafiga ya wazi yanakula kuni na moshi unakufuata. Kuna kitu cha katikati, na nakitengeneza mwenyewe hapa.

Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga na jingine dogo linaloingia ndani yake likabaki na nafasi ya kama kidole pande zote. Kopo kubwa toboa matundu kuzunguka chini. Kopo dogo toboa matundu kwenye kitako chake, na mengine madogo kuzunguka juu, chini kidogo ya mdomo. Nafasi iliyobaki juu kati ya midomo ya makopo mawili izibe kwa bati. Hewa inaingia chini, nyingine inapanda kati ya kuta mbili ikipata joto, inatokea kwenye matundu ya juu na kuuchoma moshi kabla haujatoka. Ukiona vijimwali vinachungulia kwenye matundu ya juu, limekaa sawa.

Linataka vijiti vikavu vya unene wa kidole, unavunja kwa mkono. Kuanzia Urambo kwenda mbele, ukiwa kwenye msitu wa miyombo wakati wa kiangazi, hivyo vipo chini ya kila mti. Hubebi nishati hata gramu moja. Na kwa kuwa ni pana kitako, ukilikalisha sawa ardhini, matundu ya chini yakiwa wazi, na kulizungushia mawe matatu, linavumilia ugali wa watu wawili. Mawe ndiyo yanabeba sufuria, kopo linatoa moto tu. Hapo umepata mafiga na jiko kwa pamoja.

Ubaya wake: unakaa unalisha vijiti dakika zote, huwezi kwenda kuchota maji. Na masizi ni mengi.

DadaMwanga_Kigoma

Masizi dawa yake ipo. Kabla ya kuweka sufuria motoni, paka nje yake udongo laini uliolowa au majivu yaliyokorogwa na maji, kama bibi zetu walivyofanya. Ukimaliza kupika, unasugua kwa majani, masizi yanabanduka na udongo wake. Halafu iwe na mfuko wake wa kitambaa peke yake.

Mrina_Kaliua

Naomba kuongeza upande wa moto, maana wengi wanatembea huku bila kuujua msitu wa kiangazi.

Kuanzia Julai nyasi zimekauka, majani ya miyombo yamejaa chini, na mchana upepo unavuma. Cheche moja inatosha. Moto unapita kwenye mizinga yetu, kazi ya mwaka mzima inakwenda kwa mchana mmoja. Kwa hiyo, vijana wangu, pikeni alfajiri au jioni upepo ukishatulia. Fagieni chini mpaka udongo uonekane, hatua mbili kila upande. Mkimaliza mwagieni maji, vurugeni majivu kwa kijiti, mwagieni tena, kisha wekeni kiganja. Kama bado pana joto, hamjazima. Kopo la fundi hapo linanifurahisha kwa sababu moto wake ni mdogo na uko ndani.

Kwenye hifadhi ya msitu iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, msiwashe bila ruhusa. Kwenye ardhi ya kijiji piteni kwanza kwa mtendaji, mwelezeni mnalala wapi. Na msipike chini ya mti wenye mzinga. Tazameni juu kabla ya kutua begi.

Benzini_Safi

Mbona hakuna aliyetaja majiko ya petroli? WhisperLite International inakula petroli na mafuta ya taa pia. Petroli ipo kila kijiji chenye bodaboda, nguvu yake kwa uzito inalingana na gesi.

Kipalapala_K

Mkuu, hoja yako ya upatikanaji ni nzito, na kwa kundi la watu sita ningelichukua. Kwa wawili, jiko, pampu na chupa yake vinakaribia nusu kilo kabla hujatia tone. Petroli ya kwenye chupa za barabarani nayo huwa na uchafu, mara nyingine imechanganywa, jeti, yaani kitundu cha kutolea mafuta, inaziba. Ukienda nalo beba sindano ya kuzibulia na kitambaa cha kuchujia. Linapowashwa hutoa mwali mkubwa kwanza, na hapo nakumbuka aliyoyasema mzee kuhusu nyasi kavu.

MpitanjiaTbr

Asanteni sana, hasa mzee wetu wa Kaliua, shikamoo. Dada, nijibu swali lako: tulifikiri ugali jioni, uji asubuhi, mchana tunakula tulichonacho. Maharage pia. Na sufuria je? Nimeona za titani zinasifiwa mno.

FundiBati_Ngambo

Titani kwa ujazo ule ule ni nzito kuliko aluminiamu: sentimita moja ya ujazo ni gramu 4.5, aluminiamu ni 2.7. Inakuwa nyepesi kwa sababu ni imara, wanaifanya nyembamba mno. Lakini haisambazi joto, moto unabaki pale pale ulipogusa. Kwa kuchemsha maji haina neno. Kwa uji wa unga, utaungua katikati huku pembeni haujaiva. Chukua sufuria ya aluminiamu ya lita moja na nusu yenye mfuniko, ya sokoni, isiyo na mikono, na koleo dogo la kuishikia. Mfuniko usiuache nyumbani kwa kupunguza uzito, unaokoa nishati kila siku.

Mpo wawili, sufuria moja inatosha. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wanabeba mizigo ya kilo 30 mpaka pwani, na walikula kwa makundi, chungu kimoja kwa kundi.

DadaMwanga_Kigoma

Maharage yaacheni. Lazima yachemke kwa nguvu dakika zisizopungua kumi ili sumu yake ya asili iishe, na hapo bado hayajaiva. Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, yanachelewa zaidi. Mtamaliza vijiti vya kijiji kizima. Mkifika senta kama Kaliua au Nguruka, kuleni maharage ya mama ntilie, yameshapikwa kwa nishati yake.

Mchele unawezekana kwa akili kidogo: ukichemka dakika tatu nne, funika, toa motoni, vingirisha sufuria kwenye kitenge kisha blanketi, acha nusu saa. Unaiva wenyewe huku mnasimamisha hema.

Na jambo jingine, msichemshe maji ya kunywa. Ukijumlisha maji ya watu wawili kwa siku, hesabu yote ya spiriti inavurugika. Chujeni kwa kitambaa, tieni dawa ya maji ya WaterGuard, subirini nusu saa. Moto uwe wa chakula.

Matobolwa_Nzega

Mimi nazungumzia lile chaguo la nne mlilolipita haraka. Mnatafuta vyakula vikavu vya kigeni na mnavyo nyumbani.

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, hivyo vinataka kupikwa. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Vimeshaiva! Unatafuna ukitembea, au unaloweka asubuhi kwenye kopo lenye mfuniko, mchana vimelainika, unakula na karanga za kukaanga. Hakuna moto, hakuna jiko. Ongeza asali, na dagaa waliokaangwa wakakauka vizuri. Chakula cha mchana kimekwisha, na hakina gharama ya nishati.

Sisemi muache jiko kabisa. Kilomita zote hizo bila chai ya moto asubuhi, roho inachoka. Ila mkiondoa moto wa mchana, mzigo wa nishati unapungua sana.

DadaMwanga_Kigoma

Umenena. Na chumvi msibebe nyingi, Uvinza ndiko inakotoka. Huku kwetu dagaa na mawese mtavikuta, anzeni na kidogo.

MpitanjiaTbr

Basi nimefikia hapa. Jioni ugali kwenye kopo la fundi na mawe matatu, sufuria moja ya aluminiamu. Mchana matobolwa na karanga, bila moto. Asubuhi uji mwepesi na chai kwa jiko la spiriti la makopo ya soda, kwa sababu alfajiri tunataka kuondoka mapema, na ndilo tutakalotumia pia mahali ambapo kuni hazifai kuwashwa. Lita moja ya maji kila asubuhi, chupa ya nusu lita ya spiriti itatuvusha zaidi ya wiki moja. Naona jiko, kopo, sufuria, mfuniko na koleo vyote havifiki kilo. Kuna nilichosahau?

Mrina_Kaliua

Marahaba kijana wangu. Jiko la spiriti nalo lifagilieni chini kama la kuni. Msilichukulie poa kwa kuwa ni dogo.

FundiBati_Ngambo

Kizuia upepo: bati laini jembamba la kimo cha jiko na nusu ya sufuria, liache tundu chini hewa iingie. Usiku wa mvua msipikie ndani ya hema, iwe kopo au spiriti. Hewa ya sumu haina harufu.

Kipalapala_K

Na chupa ya spiriti isifanane kabisa na ya maji. Kuna spiriti zenye methanoli, funda chache zinapofusha au kuua. Tafuta chupa ngumu ya umbo tofauti, iandike ubavuni, fungia raba nene shingoni ili hata gizani mkono uitambue, na ikae mfuko wa nje wa begi peke yake, mbali na unga.