Yule wa dirisha la faili leo kanivuruga kabisa

Wakuu, nimetoka kliniki sasa hivi, mikono inatetemeka. Yule wa dirisha la faili, wenye wagonjwa wa akili hapa Mwanza wote mnamjua, kamwambia kaka yangu mbele ya foleni nzima: "We kichaa, faili lako halionekani, rudi kesho."

Kichaa! Mtu kapiga pasi shati lake mwenyewe, anashona nyavu Kirumba, kodi ya chumba analipa!

Tangu atoke Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, na barua ya kuendelea na dawa huku nyumbani, alikuwa na nesi mmoja anayemjua. Akimtazama usoni tu anajua jana hakulala. Nesi kahamishwa, wagonjwa wake hakuna aliyekabidhiwa. Sasa kila tukienda ni sura mpya: "Ilianza lini? Unasikia sauti?" Hiyo historia mpaka mbu wa Igogo wameikariri.

Na sindano yake ya mwezi ni fluphenazine, ile ya mafuta inayoisha mwilini taratibu. Ikiruka, siku hiyo huoni kitu. Utakuja kuona baadaye, anakesha, anadai chakula kimewekwa sumu. Kaka aliposikia lile neno aliinuka akaondoka bila sindano. Nimembembeleza mpaka kituo cha daladala, kagoma.

Kichaa, mbele za watu! Na karanga anatafuna huku anasema!

Ng'wana Igoma: Pole mkuu. Mama yangu naye aliulizwa na huyo huyo kama kaja kuokota makopo.

Mzee wa Sangara: Hukumzaba kibao? Basi unalia nini humu?

Mleta uzi: Faili lilikuwa mezani kwake, kaliwekea kikombe cha chai! NIMELIONA!

Wakili Mtarajiwa: Sheria ya Afya ya Akili ipo tangu 2008. Mwandikie mganga mfawidhi barua.

Ng'wana Igoma: Barua itapokelewa na nani? Si yule yule wa dirishani!

Mama Nansio: Nyie wa mjini mnadeka. Sisi wa Ukerewe meli ikiahirishwa, tarehe ya sindano ndiyo imepita hivyo.

Mzee wa Sangara: Meli usiniambie, juzi wamenikalisha na ndoo zangu za dagaa mpaka zikatoa harufu.

Mleta uzi: Jamani, kaka yangu hajachomwa sindano!

Binti Buhongwa: Dagaa bei gani huko, mkuu? Huku wanatukomoa.