Mchezo gani wafaa kufunza kuzidisha Gredi 3? Naombeni ushauri

MwalimuKisiwani
Asalaam aleikum jamani. Nafunza Gredi 3 hapa Mombasa, watoto 64 chumba kimoja. Kuzidisha hakuingii. Wakiimba kwa pamoja wote wajua. Muulize mmoja sita mara nne, atazama dari. Nataka mchezo ambao kila mtoto atashika kitu mkononi, bila makelele ya kusumbua darasa jirani. Kipindi ni dakika 30. Nimefikiria bao. Mwasemaje? Nina wiki moja tu.

Kabati_Wazi
Mwalimu, omba ufunguo wa kabati la vishikwambi. Michezo ya hesabu imo, na yajisahihisha yenyewe.

BabaWawiliLikoni
Kwa watoto 64? Mmoja abonyeza, wengine watazama. Ameuliza bao, tumjibu bao.

KomweKumi
Bao gani? La Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji aanza na kete 22 mkononi, halafu kuna namua (hatua ya kuingiza kete za mkononi), kuna mtaji (hatua inayofuata), kuna nyumba (shimo maalumu). Kanuni peke yake zitakumalizia vipindi vya wiki mbili. Tena kusambaza kete moja moja ni kuhesabu mbele na kukisia. Ni elimu nzuri, lakini si kuzidisha. Na kwa nini wiki moja?

MwalimuKisiwani
Wiki ijayo bao zaletwa. Nimeshaagiza 16, watoto wanne kwa kila bao.

KomweKumi
Kwa pesa za nani?

MwalimuKisiwani
Wazazi. Shilingi 100 kila mtoto, kupitia grupu ya WhatsApp. 51 wamelipa. Fundi ataka 400 kwa kila bao, nimempa 3,000 za mwanzo. Sikumlazimisha mtu. Bao ni mchezo wetu, na ni afadhali mtoto ashike kete kuliko simu. Mwalimu mkuu nitamweleza akishaona matunda yake.

MamaJomvu
Hapo umekosea, mwalimu, nasema kwa nia njema. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, yasema shule ya umma haitozi malipo mengine bila idhini ya waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Hiari ya kwenye grupu si hiari. Mzazi asiye na mia aona majina ya waliolipa yakiorodheshwa, na mtoto wake asubuhi aingia darasani ameinamisha kichwa.

MwalimuKisiwani
Orodha niliiweka ili pesa zisipotee. Sikukusudia kumuumbua mtu.

Mchonga_Kale
Mimi uzi huu siuamini. Bao la mashimo 32 lachongwa kwa mkono, shimo moja moja, kisha lasuguliwa msasa. Hakuna fundi atakayekupa kwa 400. Naona huyu ni muuzaji; kesho ataleta nambari ya simu.

MwalimuKisiwani
Wallahi siuzi kitu. Hazikuchongwa, zimetobolewa kwa keekee kwenye ubao wa mwembe. Matatu yako tayari, moja ninalo hapa mezani. Shimo ni pana kama sarafu ya shilingi ishirini. Komwe moja, ile mbegu ya kuchezea, yaingia, ya pili yabingirika. Kidole cha mtoto hakichoti kitu, na ukingo una vibanzi. Nilidhani msasa utarekebisha.

Mchonga_Kale
Basi nakuamini, nisamehe. Msasa hauongezi upana. Shimo la kuchota lataka sentimita 6 kwa upana na 3 kwa kina, lenye kitako cha mviringo. Likiwa na pembe, kete yakwama chini. Simamisha hizo 13 leo, kabla hajatoboa. Na kete je? Bao 16 zataka kete 1,024. Fundi hakuahidi hizo.

KomweKumi
Sasa sikiliza, mwalimu. Trei ya mayai ina mashimo 30: mistari mitano ya mashimo sita. Ikate mistari. Kila mstari ni bao la kundi moja, kwa hiyo trei nne zakupa mistari 20. Makundi yako 16 yatosheka na akiba yabaki. Kete ni vifuniko vya soda, 36 kwa kila kundi, jumla 576. Mtoto atupa dadu mara mbili. Ya kwanza ni mashimo mangapi, ya pili ni kete ngapi kila shimo. Akipata 3 kisha 5: mashimo matatu, kete tano tano. Kabla hajagusa kete aseme jumla, kisha apange na kuhakiki kwa kuruka: tano, kumi, kumi na tano. Anayehesabu moja moja hapati alama. Ndio kosa la kuangalia zaidi, kwa sababu mtoto aweza kupata 15 sahihi kila mara na asizidishe hata siku moja. Wawili wacheza, wawili waandika 3 × 5 = 15 daftarini, kisha wabadilishane. Usimtoe mtoto mchezoni akikosa. Anayekosa ndiye ahitaji zamu zaidi. Eleza dakika 5, cheza 14, kusanya 3, zilizobaki waandike kimya. Kwa saba, nane na tisa, dadu haifiki: tumia vikaratasi 1 hadi 9 ndani ya kikombe, na mafungu yachorwe kwa nukta daftarini, maana kete 36 hazitafika.

BabaWawiliLikoni
Makelele mengi ni vifuniko kugonga mbao, si watoto. Tandika leso kuukuu chini ya kila mstari.

MwalimuKisiwani
Fundi amekubali kusimama. Atarudisha 1,800, matatu nayachukua. Hizo nitazirejesha kwa wazazi, na zinazopungua nazijazia mfukoni mwangu, kisha kesho asubuhi naingia kwa mwalimu mkuu. Lakini trei si zitalainika kwa jasho la mikono?

Mchonga_Kale
Bandika gazeti tabaka mbili kwa uji mzito wa ngano, ndani na nje. Tia chumvi kijiko kimoja kwenye uji, la sivyo zitaota ukungu. Anika juani siku mbili kabla ya kuzikata, si baada.