MREJESHO: Seva ya Minecraft nyumbani, washkaji sasa wanaingia

Wakuu, niliuliza kwa nini washkaji hawaingii kwenye seva ya Minecraft Java iliyo kwenye PC yangu ya gemu, wakati poti 25565 (mlango wa mtandao ambao gemu hutumia) nimeifungua kwenye ruta. Aliyesema nilinganishe IP (anwani ya mtandao) ya kwenye ruta na ile inayoonekana nje alipiga penyewe. Ruta inaonyesha 100.72 na kuendelea, tovuti ya kukagua IP inaonyesha nyingine kabisa. Yaani mtoa huduma katubananisha wateja kibao nyuma ya IP moja (CGNAT). Hapo ungefungua poti mpaka kesho, hawaingii. IP ya umma (ya kwako peke yako) wanauza, bei yake acha tu. Nimeweka Tailscale (programu ya VPN inayounganisha kompyuta zetu kama ziko mtandao mmoja) kwangu na kwa kila mshkaji, imekubali. Poti nimeifunga. Seva nimeitengea RAM GB 4 kati ya 16, inasita kidogo tukikimbilia maeneo mapya ya ramani.