Mhakiki amejadili nafasi na majina, neno "ng'ombe" likaachwa likiharibika

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira, na sitaificha. Kuna zana moja ya programu huria inayogawa matini katika neno mojamoja ili yaingizwe kwenye faharasa ya utafutaji, nami huitumia kwa makala za ufugaji. Zana hiyo ilikuwa inaichukulia ritifaa, yaani alama ya ('), kuwa mwisho wa neno. Kwa hiyo "ng'ombe" ikawa "ng" na "ombe", "ng'ambo" ikawa "ng" na "ambo", na mfugaji aliyetafuta habari za ng'ombe wa maziwa akaletewa hata makala yenye agizo la "ng'oa visiki shambani", kwa sababu tu nayo ina kipande cha "ng" ndani yake.

Nilirekebisha mstari mmoja: ritifaa iliyo kati ya herufi mbili isikate neno. Kanuni hiyo sikuibuni mimi. Ndivyo inavyoelekeza Unicode, kiwango cha kimataifa cha herufi za kompyuta, katika Kiambatisho Na. 29 kinachohusu mipaka ya maneno, tena kwa alama zote mbili, ile iliyonyooka (U+0027) na ile iliyopinda (U+2019) ambayo baadhi ya simu na programu za uandishi huiweka zenyewe. Nililipeleka badiliko hilo kwa mradi wa zana hiyo kama ombi, ili wahakiki, yaani wanaokagua mabadiliko kabla ya kuyapokea, walipitishe. Niliambatanisha majaribio manne, ambayo yote yalifeli kwa msimbo wa zamani na yote yakafaulu kwa msimbo mpya. Kuyaendesha hakuchukui hata dakika moja.

Hakuna aliyeyaendesha. Mhakiki wa kwanza aliandika maoni sita, na yote sita yalihusu nafasi mwanzoni mwa mistari, jina la kigeu (jina linaloshika thamani ndani ya msimbo) ambalo hata sikulianzisha mimi, na urefu wa kichwa cha maelezo. Nilibadilisha kila alichotaka usiku uleule. Wa pili aliuliza kama kweli ipo lugha yenye watumiaji wa kutosha inayoandikwa namna hiyo. Nilimjibu kwa adabu, ingawa swali lile liliniumiza, kwamba ng' katika Kiswahili ni sauti moja, na kwamba ritifaa yake ni sehemu ya tahajia wala si alama ya herufi iliyoachwa kama ilivyo mara nyingi katika Kiingereza. Hakurudi tena. Baada ya siku 60 roboti ya mradi, yaani programu inayosimamia maombi yenyewe, ikalifunga ombi langu kwa maelezo kwamba halina shughuli, ilhali mtu wa mwisho kuandika nilikuwa mimi na aliyesubiriwa alikuwa mhakiki.

Lililofuata ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Wiki mbili baadaye mtu mwingine alileta badiliko la mistari miwili linalofuta ritifaa zote kabla ya maneno kugawanywa, na mhakiki yuleyule wa kwanza akalipitisha ndani ya dakika kumi akisema kwamba ni dogo na halina tatizo. Sasa "ng'oa" imekuwa "ngoa". Kung'oa ni kutoa kitu pamoja na mizizi yake. Ngoa ni wivu au uchu, kama tunavyosema mtu analia ngoa. Maneno mawili yamefanywa neno moja, na hakuna hatua ya baadaye inayoweza kuyatenganisha, kwa kuwa alama iliyoyatofautisha haipo tena.

Udogo wa badiliko haumpunguzii mhakiki wajibu wa kulielewa. Mwaka 2006, katika OpenSSL (programu ya usimbaji fiche) ya mfumo endeshi wa Debian, iliondolewa mistari michache ili kunyamazisha onyo la zana ya kukagua kumbukumbu, na ilipofika Mei 2008 ndipo ilipotangazwa kwamba kilichobaki kuleta unasibu, yaani hali ya kutobashirika, kilikuwa namba ya mchakato (namba ambayo kompyuta huipa kila programu inayoendeshwa) peke yake, yenye thamani zisizozidi 32,768, kwa hiyo funguo za siri zilizotengenezwa kwa muda wote huo ziliweza kubashiriwa. Lile nalo lilionekana dogo.

Najua watunzaji wa mradi huu wanajitolea na wamechoka. Hata hivyo, muda wa kuandika maoni sita kuhusu nafasi ulipatikana. Naomba badiliko lile la mistari miwili liondolewe, ombi langu lifunguliwe upya, na mhakiki atakayelipokea aendeshe kwanza yale majaribio manne kabla hajaandika neno lolote. Wenzangu mnaotumia zana ya aina hii kwa matini ya Kiswahili, tafuteni "ng'oa" katika faharasa zenu leo, kisha mniandikie hapa mlicholetewa.